Shimo la Machi: Lami, Barafu na Taarifa Mjini Burlington

Shimo la barabarani huanza na maji. Katika mji wa Burlington, ulio kando ya Ziwa Champlain kwenye jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, maji hayakosekani. Kila msimu wa baridi huanguka theluji ya mita 2 hivi kwa jumla, na usiku wa Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi ya hapo. Burlington ndio mji mkubwa kuliko yote Vermont, lakini wakazi wake ni kama 45,000 tu. Miongoni mwao, hasa katika mitaa ya Old North End, na ng'ambo ya mto katika mji jirani wa Winooski, wamo watu waliotoka Kongo na Burundi ambao huzungumza Kiswahili nyumbani na kwa majirani. Mzaliwa na mgeni hukutana na jambo lilelile majira ya baridi yanapoanza kulegea: barabara iliyopitika jana jioni, leo asubuhi ina shimo.

Kwa macho, barabara ya lami ni kitu kimoja. Kwa kweli ni matabaka yaliyopangwa. Chini kabisa kuna udongo wa asili. Juu yake humwagwa changarawe au mawe yaliyopondwa, yakashindiliwa hadi yashikane. Hicho ndicho kitako kinachobeba uzito wa magari. Juu ya kitako hutandazwa mchanganyiko wa kokoto, mchanga na lami wenye unene wa sentimita kadhaa. Lami hufanya kazi mbili kwa pamoja: ni gundi inayoshika kokoto, na ni paa linalozuia maji yasifike kwenye kitako. Paa likiwa zima, barabara hudumu miaka mingi. Lakini lami huzeeka. Jua na hewa huikausha, ikapoteza ulaini wake. Baridi kali ikija, lami husinyaa, na ile iliyokwisha kukauka haiwezi kunyumbulika tena, hivyo hupasuka. Ufa wa kwanza huwa mwembamba kama uzi, na hakuna dereva anayeuona. Maji huuona.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Chupa iliyojazwa maji hadi mdomoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka kwa sababu hiyo, na ndani ya ufa wa lami nguvu hiyohiyo hutanua kuta kidogo kidogo kila usiku. Hata hivyo, uharibifu mkubwa zaidi hutokea chini, kwenye udongo. Katika maandishi yake ya mwaka 1929 na 1930, mwanajiolojia Stephen Taber wa Chuo Kikuu cha South Carolina alieleza jaribio lililoondoa dhana ya zamani. Aligandisha udongo uliolowanishwa kwa benzini, kimiminika ambacho kikiganda hupungua ujazo badala ya kuongezeka. Udongo ukavimba vilevile. Maana yake ni kwamba kinachoinua ardhi si kutanuka kwa maji peke yake. Sehemu iliyoganda huvuta maji mengine kutoka chini, kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, na maji hayo huganda yakawa matabaka membamba ya barafu yanayonenepa siku hadi siku. Udongo wenye chembe laini ndio unaovuta zaidi. Changarawe safi huvuta kidogo sana. Ndiyo sababu barabara mbili zinazopakana zinaweza kupita katika baridi moja, moja ikainuka mabonde na vilima, nyingine ikabaki sawa.

Msiba wenyewe hufika barafu inapoyeyuka. Joto la mchana huingia kutoka juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya kitako huyeyuka kwanza, hali chini yake bado pameganda kama jiwe. Maji hayana pa kwenda: juu kuna lami, chini kuna barafu. Kitako kilichokuwa kigumu hugeuka uji. Tairi ikipita, lami hubonyea, maji hushinikizwa na kuruka kupitia nyufa, yakitoka na mchanga na chembe za kokoto. Kila tairi huacha uwazi mdogo chini ya lami. Kwa juu huonekana nyufa zinazokutana na kuachana kama magamba kwenye mgongo wa mamba. Siku moja gamba moja hung'oka. Likishang'oka moja, yale ya pembeni hukosa pa kuegemea, na kwa siku chache tu panaweza kuwa na shimo la kumeza gurudumu.

Uzito wa magari huharakisha jambo hili kuliko watu wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, yalifanywa majaribio makubwa ya barabara ambapo madereva wa jeshi waliendesha malori mchana na usiku juu ya vipande vya barabara vya unene mbalimbali. Matokeo yake ndiyo bado msingi wa mahesabu ya wahandisi: ekseli ikiongezewa uzito mara 2, madhara yake kwa barabara huongezeka karibu mara 16. Vipande vingi vilivyoharibika viliharibika majira ya kuyeyuka kwa barafu. Kwa hiyo miji ya Vermont huweka mabango ya kuzuia malori mazito kwenye baadhi ya barabara wakati huo wa mwaka, wakati ambao wenyeji huuita majira ya tope, kwa kuwa zaidi ya nusu ya urefu wa barabara za jimbo hilo hauna lami kabisa.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Bila chumvi barabara za mlimani zisingepitika, kwani mji huu umejengwa kwenye mteremko unaoshuka kutoka chuo kikuu hadi ziwani. Chumvi ya kawaida hushusha kiwango cha maji kuganda, na hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Lakini barafu iliyoyeyushwa na chumvi huwa maji, maji huingia kwenye ufa, na usiku baridi ikizidi huganda tena. Kinachovunja barabara, basi, si ukali wa baridi bali idadi ya safari za kuvuka sifuri, kupanda na kushuka. Wiki moja ya Machi, yenye nyuzi 5 juu mchana na nyuzi 5 chini usiku, inaweza kuharibu zaidi ya mwezi mzima wa Januari ambao kila kitu kimeganda na kutulia.

Shimo la namna hiyo, likitazamwa kwa karibu, lina historia yake iliyoandikwa pembeni. Mara nyingi liko kando ya kifuniko cha chemba, au kwenye mstari ulionyooka ambapo barabara ilichimbwa zamani kupitisha bomba kisha ikafukiwa, kwa sababu maungio ndiyo mahali maji yanapopenyea kwanza. Ukingo wake unaonyesha matabaka: lami nyeusi juu, lami ya zamani ya kijivu chini yake, kisha changarawe iliyolowa. Kokoto zilizong'oka zimetawanyika kuelekea upande magari yanakokwenda. Asubuhi juu ya shimo kuna utando mwembamba wa barafu. Saa sita mchana ni dimbwi lililotulia, na mtu asiyelijua hawezi kukisia kama kina chake ni cha kidole au cha kiganja kizima. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari hupasua tairi au kukunja rimu. Mwendesha baiskeli huanguka mbele ya gari lililo nyuma yake. Mama anayevuka na kigari cha mtoto gizani, saa kumi na moja jioni ya majira ya baridi, hukwama katikati ya njia. Mgonjwa aliyevunjika mfupa hurushwa ndani ya gari la wagonjwa.

Uzibaji hutegemea msimu. Lami ya moto hutandazwa ikiwa na joto la karibu nyuzi 150, na hupoa upesi mno kwenye ardhi iliyoganda. Mitambo ya kuipika katika maeneo hayo hufungwa majira ya baridi kwa sababu hiyo. Kinachobaki ni lami baridi, mchanganyiko uliolainishwa kwa kemikali ili uweze kuchotwa kwa sepetu hata kwenye baridi. Mafundi husimamisha lori, huondoa maji na vifusi kadiri inavyowezekana, hujaza shimo hadi lizidi kidogo usawa wa barabara, kisha hulikanyaga kwa tairi za lori lilelile. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba njia hiyo ya haraka, mchanganyiko ukiwa wa ubora mzuri, inaweza kudumu sawa na viraka vilivyotayarishwa kwa muda mrefu zaidi. Mchanganyiko ukiwa hafifu, kiraka hutoka kwa mvua moja. Mitambo ikifunguliwa tena, huja kazi ya kudumu: kingo hukatwa zikanyooka mpaka lami nzima, uchafu huondolewa, kuta hupakwa lami ya kugandishia, kisha lami ya moto hutiwa na kushindiliwa.

Mafundi hao hawawezi kupita kila mtaa kila siku. Mji mdogo una magari machache ya kazi na watu walewale wanaosukuma theluji usiku ndio wanaoziba mashimo mchana. Kwa hiyo ratiba yao hujengwa kwa sehemu kubwa juu ya taarifa za wakazi. Shimo lisilotolewa taarifa, hata likiwa kubwa namna gani, linaweza kukosa nafasi kwenye ratiba hiyo. Kutoa taarifa ni hatua ya kwanza ya ukarabati, na ni hatua ambayo mkazi yeyote anaweza kuifanya, awe mwenye nyumba au mpangaji, awe raia au mkimbizi aliyefika mwezi uliopita.

Jambo la kwanza ni kujua mwenye barabara. Ndani ya mipaka ya Burlington, mitaa mingi iko chini ya Idara ya Kazi za Umma ya mji. Barabara kuu ya I-89, inayopita nje kidogo, ni ya Wakala wa Uchukuzi wa jimbo. South Burlington na Winooski ni miji mingine yenye ofisi zake, ingawa mtu anaweza kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kugundua. Barabara ya US 7, kwa mfano, hutoka Burlington ikaingia South Burlington, na shimo lililo upande huu wa mpaka haliwezi kuzibwa na watu wa upande ule. Maegesho ya maduka, njia za ndani za majengo ya kupangisha na sehemu nyingi za chuo kikuu zina wenyewe, na taarifa zake hupelekwa kwa wenyewe. Taarifa iliyopelekwa kusikohusika hupoteza siku, na katika majira ya kuyeyuka siku moja ni muda mrefu kwa shimo.

Jambo la pili ni mahali. Jina la mtaa peke yake halitoshi, kwa kuwa mtaa mmoja unaweza kuwa na urefu wa kilomita nzima. Kinachotakiwa ni namba ya jengo lililo mkabala na shimo, au njia panda iliyo karibu, pamoja na upande magari yanakoelekea. Jambo la tatu ni ukubwa, ukielezwa kwa kipimo au kwa kitu kinachojulikana: upana wa sahani, upana wa sinia, kina cha kidole, kina cha kiganja. Jambo la nne ni hatari: kama shimo liko kwenye njia ya baiskeli, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, karibu na shule au kituo cha basi, au kama magari yanahama njia kulikwepa.

Tofauti huonekana taarifa mbili zikiwekwa pamoja. Ya kwanza inasema: "North Street ina mashimo mabaya, tengenezeni." Fundi anayeipokea hana pa kuanzia. Ya pili inasema: "Njia panda ya North Street na North Winooski Avenue, upande wa magari yanayoelekea ziwani, mita chache kabla ya kivuko. Shimo moja, upana wa sinia, kina cha kiganja. Limejaa maji, na baiskeli zinahamia katikati ya barabara kulikwepa. Limeonekana Jumatatu asubuhi." Taarifa hii haihitaji safari ya ukaguzi. Mafundi wanajua waende wapi, wabebe lami kiasi gani, na kwa nini waanze hapo.

Njia za kutoa taarifa ni zaidi ya moja. Simu ya Idara ya Kazi za Umma hupokelewa saa za kazi. Mtandaoni, mji hutumia mfumo wa SeeClickFix, ulioanzishwa mwaka 2008 huko New Haven, Connecticut, mwaka mmoja baada ya shirika la mySociety kuanzisha FixMyStreet nchini Uingereza. Mkazi huchagua aina ya tatizo, hubandika alama kwenye ramani, huweka picha na maelezo mafupi, kisha taarifa hufika ofisini na pia huonekana kwa watu wengine. Neno la kutafuta ni pothole. Kwa asiyejiamini kwa Kiingereza, picha nzuri na alama iliyowekwa mahali sahihi husema sehemu kubwa ya yanayohitajika. Yaliyobaki yanaweza kuandikwa na mtoto wa shule au jirani. Anayepiga simu anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili badala ya kukata tamaa.

Picha hupigwa kutoka pembeni ya barabara, kamwe si katikati ya magari, na dereva hapigi picha huku anaendesha. Picha mbili zatosha: moja ya karibu inayoonyesha kina, nyingine ya mbali inayoonyesha jengo au kibao cha mtaa. Kabla ya kuandika taarifa mpya ni vizuri kutazama ramani. Shimo likiwa limekwisha kuripotiwa, kuunga mkono taarifa iliyopo kunasaidia zaidi kuliko kufungua nyingine, kwa sababu taarifa kumi za shimo moja humlazimu karani kuzichambua zote. Manung'uniko yanayoishia kwenye kundi la WhatsApp la majirani hayafiki ofisini, hata yakisomwa na watu mia.

Shimo linaloweza kuua leo hii halisubiri ramani. Barabara ikididimia, kifuniko cha chemba kikiwa kimetoka, au maji yakibubujika kutoka chini ya lami, hiyo ni dharura, na simu ya dharura ni 911. Kudidimia kwa namna hiyo mara nyingi husababishwa na bomba lililopasuka, si baridi peke yake, na kujaza lami juu yake ni kuficha ugonjwa.

Taarifa ina uzito mwingine pia, wa kisheria. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu anayedai fidia ya gari au ya mwili wake huulizwa kwanza kama mji ulikuwa unajua kuwa shimo lipo. Jimbo la New York, lililo ng'ambo ya Ziwa Champlain, ndilo lenye mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1979 Jiji la New York lilipitisha sheria kwamba halitawajibika kwa kasoro ya barabara ila kama lilikwisha kupewa taarifa ya maandishi na siku 15 zikapita bila matengenezo. Mwaka 1982 chama cha mawakili wa jimbo hilo kikaanzisha shirika lililotuma watu kutembea mitaani, wakachora kila shimo na kila ufa kwenye ramani na kuzikabidhi kwa jiji, ili asiwepo wa kusema hakujua. Kila jimbo lina sheria yake, na aliyepata hasara anapaswa kuuliza ya mahali alipo mapema, kwa kuwa muda wa kudai huweza kuwa mfupi. Anachoweza kufanya siku hiyohiyo ni kuhifadhi picha, tarehe, saa na risiti ya fundi.

Shimo moja huzibwa kwa taarifa moja, lakini mtaa unaotoboka kila mwaka unahitaji mazungumzo mapana zaidi. Tangu mwaka 1982 Burlington ina mabaraza ya mipango ya vitongoji, ambamo wakazi hukutana na madiwani wao ana kwa ana. Na kila Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mkutano wa miji ya Vermont, wapiga kura huamua masuala ya kodi na mikopo ya mji, majira yaleyale ambayo mashimo huanza kufunguka. Taarifa zilizokusanywa mwaka mzima huwa ushahidi katika mabaraza hayo: zinaonyesha ni mtaa upi umechoka, na wapi fedha za viraka zinatumika bure mahali palipostahili kuchimbwa na kujengwa upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara methali hiyo ni hesabu halisi. Kujaza lami laini kwenye nyufa kabla theluji haijaanguka ni kazi ndogo ikilinganishwa na kubadilisha kitako chote kilichokwisha kuoza. Kwa hiyo taarifa ya ufa mrefu iliyotolewa Septemba ina thamani zaidi kuliko taarifa ya shimo iliyotolewa Machi.

Kila taarifa hupewa namba, na namba hiyo huhifadhiwa. Mfumo ukionyesha kuwa kazi imefungwa, mkazi hupita akatazama. Kiraka kikiwa kimeshika, kazi imekwisha kwa msimu huo. Kikiwa kimetoka, taarifa hutolewa upya ikitaja namba ya kwanza, ili ofisi ijue kuwa ni mahali palepale. Mei inapoingia na lami ya moto kuanza kupikwa, viraka vyote vya baridi vya mtaa hustahili kutazamwa mara nyingine, kwa maana vingi vilitiwa kwa haraka, juu ya maji, na watu waliokuwa hawajalala usiku kucha wakisukuma theluji. Vile vilivyobonyea huandikwa tena, wakati kiangazi bado kina miezi ya kuvitengeneza kabla ya jalidi ya kwanza kurudi.